Kiwanda cha Kuchoma Taka Kikija Kwetu: Tupime Kabla ya Kupiga Makofi

(Haya ni mazungumzo na wakazi wa Nyeri. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale wa Karatina, Othaya, Nanyuki na Embu.)

Moshi hauulizi mtu dini yake.

Tangu mwaka 2020, KenGen na waliokuwa wakisimamia huduma za jiji la Nairobi, NMS, walipotangaza mpango wa kiwanda cha kugeuza taka kuwa stima pale Dandora, wazo hili limekuwa likizunguka nchini. Kila kaunti yenye jaa linalonuka inaliona ni dawa. Taka inaisha, stima inapatikana, vijana wanaajiriwa. Mwekezaji anakuja na picha: jengo jeupe, nyasi kijani, bomba refu lisilotoa hata moshi. Wakubwa wanapiga makofi. Na Dandora yenyewe miaka hii yote imebaki jaa.

Mimi sikuja kuwaambia mkatae. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wakisikia sisi tunauliza maswali wanasema, "Hao wanapinga maendeleo." Nimekuja kuwaonyesha jinsi ya kupima, ili siku pendekezo likifika hapa rasmi, likiletwa kwenye baraza la chifu na soda na mkate, wewe unayesoma hii uwe na swali la kuuliza badala ya kutafuta kiti cha nyuma.

Tuanze na haki ya upande wa pili. Hali tuliyo nayo sasa si nzuri. Tunapotupa taka pamoja, maganda na chupa na betri na nepi, halafu mtu anawasha moto usiku ili jaa lipungue, huo nao ni uchomaji taka. Tofauti ni kwamba hauna chujio, hauna kipimo, hauna anayeulizwa. Mwaka 2005 mayai ya kuku wanaofugwa karibu na jaa la Dandora yalipimwa, yakapatikana na dioksini kupita kiwango kinachokubaliwa Ulaya. Dioksini ni sumu inayotokea plastiki na takataka nyingine zikiungua vibaya. Hakukuwa na kiwanda pale, moto wa kawaida tu wa jaa. Kwa hivyo mtu akikwambia "afadhali kiwanda kuliko hii," usimcheke. Ana hoja.

Lakini hoja yake inasimama tu kama kiwanda chenyewe kitafanya kazi. Na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Taka ya hapa ukiiangalia ni nini? Nenda soko la Karatina saa kumi na mbili jioni. Ni majani ya kabeji, mabua, maganda ya ndizi na viazi, nyanya zilizooza, na matope juu yake. Katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka ni ya namna hii, taka inayooza. Ina maji. Sasa mama yeyote aliyejaribu kuwasha jiko kwa kuni mbichi mwezi wa nne anajua kinachofuata: moshi mwingi, moto kidogo. Tanuri la kiwanda nalo lina shida hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Benki ya Dunia iliwahi kutoa mwongozo kwa miji inayofikiria viwanda hivi. Ilisema taka iwe na nguvu ya joto ya megajuli 6 kwa kilo katika kila msimu, na wastani wa mwaka usishuke chini ya 7. Chini ya hapo unalazimika kuongeza mafuta ili taka iungue. Fikiria hilo: kununua mafuta ili uchome kabeji.

Na joto likishuka, shida si stima kupungua tu. Sheria za Ulaya zinataka moshi ukae kwenye joto la nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2 angalau, ili sumu zivunjike. Taka mbichi ikiingia tanuri likapoa, ndipo dioksini inapopata nafasi. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mwekezaji, kabla ya ajira na kabla ya stima, ni hili: mmepima taka yetu? Mlipima mwezi gani? Mkipima Februari jua likiwaka, mnieleze Aprili itakuwaje.

Swali la pili ni hesabu, na hesabu hii mtoto wa darasa la nane anaiweza. Mwongozo huo huo unasema kiwanda cha kuchoma taka kisianzishwe penye taka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Hizo ni kama tani 137 kila siku, Jumapili na Idi na Krismasi zikiwemo. Sasa mji wa Nyeri, kwa sensa ya 2019, una watu karibu 80,000. Makadirio yanayotumika Kenya ni kama nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku. Ni tani 40. Na hiyo ni kama lori la kaunti limefika kila mtaa na kila ploti, jambo ambalo nyote mnajua jibu lake. Ukitoa taka mbichi isiyofaa kuchomwa, unabaki na tani ngapi? Kumi na tano? Ishirini?

Mtu atasema kaunti nzima ina watu 759,164 kwa sensa hiyo hiyo. Kweli. Lakini wengi wao wako mashambani Tetu, Mukurwe-ini, Kieni. Mtu wa Tetu haleti maganda ya viazi mjini, anampa ng'ombe. Anachobaki nacho ni mifuko michache na chupa, na hakuna lori litakalopanda vilima vile kufuata mifuko michache.

Kwa hivyo taka ya kujaza tanuri itatoka wapi? Itatoka Karatina, Nanyuki, Embu, Meru, na ikikosekana huko, Nairobi. Hapa sibuni jambo jipya. Majirani zetu wa Mitubiri kule Murang'a walikuwa na vita hivyo hivyo juu ya dampo la kisasa lililopangwa kwao, na uchungu wao mkubwa ulikuwa kwamba wangekuwa shimo la taka ya watu wengine. Sweden wanachoma taka vizuri sana, watu wanawasifu, lakini walijenga matanuri mengi hadi wakaanza kuagiza taka kutoka Norway na Uingereza ili yasikae bure. Nchi tajiri inaweza kucheza mchezo huo. Je, sisi tunataka malori ya taka kwenye barabara ya Karatina usiku na mchana?

Na hapo ndipo mkataba unaingia. Wengi wetu huangalia bomba na kusahau karatasi. Viwanda vya namna hii mara nyingi huwa na kipengele kinachosema kaunti itapeleka tani kadhaa kila siku, na isipopeleka, italipa kama imepeleka. Mwenye kiwanda anataka hivyo kwa sababu amekopa benki. Matokeo yake ni nini? Kaunti ikishajifunga, kila chupa anayookota kijana akaiuza ni chupa iliyoibwa kutoka tanurini. Kila mama anayetengeneza mboji anaiongezea kaunti deni. Kule Marekani, mji wa Harrisburg jimbo la Pennsylvania ulienda mahakamani 2011 kuomba kutangazwa muflisi, na mzigo mkubwa uliowafikisha hapo ulikuwa madeni ya kiwanda cha kuchoma taka. Mji mkuu wa jimbo, wenye mawakili na wahasibu wake! Basi sisi tunaosubiri mgao wa kaunti kila mwaka, tuwe waangalifu.

Mfano wa karibu ni Addis Ababa. Huko walikuwa na jaa la Koshe, na Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka ukaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi pale. Allah awarehemu. Kando ya jaa hilo kulikuwa tayari kunajengwa kiwanda cha Reppie, kikafunguliwa Agosti 2018. Kiligharimu zaidi ya dola milioni 90, kilipangwa kula tani 1,400 kwa siku na kutoa megawati 25. Mji wenye mamilioni ya watu. Na bado kimekuwa na vipindi vya kusimama, na ugomvi wa nani anakiendesha na nani analipa, na hakikufikia kile kilichoahidiwa. Kama Addis imeona taabu kukilisha kiwanda kimoja, Nyeri itakilishaje?

Kuhusu stima yenyewe nitapita haraka, kwa sababu haina uzito ambao watu wanaupa. Megawati 25 si kitu cha kubadilisha maisha ya mtu. Bwawa la Gitaru peke yake, hapo chini kwenye Tana, lina megawati 225. Na hiyo stima haiji kwa nyumba yako, inauzwa kwa Kenya Power inaingia kwenye laini ya taifa. Bili yako haitashuka. Tena karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ukichoma plastiki unachoma mafuta yaliyogandishwa. Faida ya kweli ya kiwanda, kama ipo, ni kupunguza jaa na ile gesi inayotoka taka ikioza. Basi kipimwe kama mradi wa taka, na kilinganishwe na njia nyingine za kumaliza taka. Neno stima lisitupofushe macho.

Sasa tuje kwa kile kitakachobaki hapa kwetu: majivu na moshi.

Taka haipotei ikichomwa. Ukichoma tani moja, unabaki na kilo 200 mpaka 250 za majivu ya chini ya tanuri. Na kwenye vichujio vya moshi unabaki na kilo 20 au 30 za majivu laini, na hayo laini ndiyo yenye metali nzito na dioksini iliyokamatwa. Yaani kichujio kikifanya kazi vizuri, sumu inakuwa kwenye gunia. Swali: gunia linakwenda wapi? Linahitaji shimo maalum lenye tabaka la kuzuia maji lisivuje. Sisi tuko juu ya mlima, jamani. Chania na Muringato zinapita hapa, zinaingia Sagana, inaingia Tana, na watu wanakunywa maji hayo mpaka Garissa na Tana River. Kosa letu la hapa litafika kwa ndugu zetu kule chini.

Moshi nao. Mnajua baridi yetu ya Julai. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, hewa haipandi. Mtu akipima upepo na hewa mwezi wa kwanza tu, hajapima Nyeri. Na dioksini haiingii sana kwa pua. Inaanguka kwenye nyasi, ng'ombe anakula, inakaa kwenye mafuta ya maziwa. Huko Campania, Italia, mwaka 2008 dioksini ilipatikana kwenye maziwa ya nyati, katika eneo lililosumbuliwa na taka iliyotupwa na kuchomwa ovyo. Japani na Korea Kusini zikasimamisha kununua jibini yao. Wafugaji wengi hawakuwa na hatia yoyote, lakini soko halikusubiri wajieleze. Hapa watu wanasomesha watoto kwa maziwa, kahawa na chai. Mimi ningetaka mwekezaji aniambie, kabla ya kuweka jiwe la kwanza, nani atapima maziwa na mayai yetu sasa, ili baada ya miaka mitano tuwe na cha kulinganisha. Bila kipimo cha mwanzo, siku ukilalamika utaambiwa, "Hiyo sumu ilikuwa hapo tangu zamani, ni ya lile jaa."

Halafu nani ataumia kwanza? Hawa vijana na akina mama wanaookota chupa na vyuma jaani. Hawako kwenye orodha ya chama chochote, na ripoti nyingi huwataja mstari mmoja. Kiwanda kinaajiri mafundi wachache wenye vyeti, na kijana wa mkokoteni hayumo. Na wengine ni sisi tunaokaa ploti zisizo na hati, kama wengi wa Majengo za miji hii. Fidia ikipangwa, huulizwa hati kwanza. Familia inaweza kuwa mahali tangu babu, lakini kwenye ramani ya mradi inaonekana kama haipo. Kwa hivyo msingoje kuitwa. Kila familia iwe na karatasi yake: picha, risiti za maji, barua ya chifu, chochote kinachoonyesha umekaa hapo.

Sheria iko upande wetu kuliko watu wanavyodhani. Katiba kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu uende mahakamani hata kabla hujaumia, na bila kuthibitisha hasara yako wewe binafsi. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba mkataba, ripoti na vipimo, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoita Ombudsman. Mradi mkubwa kama huu hauwezi kupewa leseni na NEMA bila uchunguzi wa athari kwa mazingira, na ripoti yake lazima itangazwe ili wananchi watoe maoni. Tangazo likitoka, muda wa maoni mara nyingi ni siku 30 tu. Siku 30 zinaisha ukiwa bado unauliza ripoti iko wapi.

Na hapa niwaambie kitu kuhusu ile karatasi inayozungushwa barazani. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, unatia sahihi, unapewa soda. Karatasi hiyo inakwenda kuwekwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Hakuna mahali panaposema wewe uliuliza swali. Basi ukitia sahihi, andika kando ya jina lako, "nimehudhuria, sijakubali, maswali yangu nimeyaandika." Maswali yenyewe yaandike kwa barua, upeleke ofisi ya NEMA, nakala yako ipigwe mhuri.

Lamu walifundisha nchi nzima jambo hili. Kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipewa leseni Septemba 2016. Wavuvi, akina mama na vijana wa Save Lamu wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kujulishana ilikuwepo, lakini uchunguzi ulipokamilika na athari kujulikana, watu hawakurudiwa wakaelezwa na kusikilizwa. Shikeni hapo: mkutano wa kuwaonyesha picha nzuri hauhesabiki kuwa ushirikishwaji.

Kinyume chake ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 katikati ya makazi ya watu, watoto wakapata sumu ya risasi, kikafungwa 2014. Mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikawanyang'anya, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa! Ushindi ni ushindi, lakini hauondoi risasi kwenye damu ya mtoto. Lamu waliuliza kabla ya kiwanda kujengwa.

Mtanirudishia swali, na ni haki: basi taka tuipeleke wapi? Taka kuwa stima si lazima iwe kuchoma. Taka mbichi inafaa sana kwa gesi, na wakulima wengi wa hapa wanaijua bayogesi kutoka kwa kinyesi cha ng'ombe. Pale Naivasha, Gorge Farm, tangu 2015 kuna mtambo unaotumia mabaki ya mboga na maua kutoa zaidi ya megawati 2, na kinachobaki ni mbolea. Soko la Karatina linatupa kila siku kile ambacho mtambo kama huo unakitaka, hakuna haja ya kukikausha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inataka tutenganishe taka nyumbani, inayooza kando, kavu kando, ya hatari kando, na inazitaka kaunti zijenge vituo vya kuchambua. Tukifanya hivyo, itakayobaki ya kuchoma au kuzika ni kidogo. Huenda hata hapo mtu akaonyesha kwamba tanuri linahitajika kwa kile kilichobaki. Sawa, alete hesabu tuione.

Kazi tunayoianza ni ndogo na haihitaji mfadhili. Tunataka nyumba kumi kutoka kila mtaa, Majengo, King'ong'o, Ruring'u, Skuta, na vibanda kumi sokoni. Kwa wiki mbili kila nyumba iweke taka kwenye ndoo mbili, ya kuoza na kavu, na jioni kijana apite na mizani ile ya kupimia viazi, aandike kilo kwenye daftari. Sokoni tupime siku ya soko na siku isiyo ya soko. Halafu tunarudia mvua zikianza, nyumba zile zile. Wenzetu wa Nanyuki na Embu wakifanya vivyo hivyo, tutakuwa na tarakimu zetu kabla mwekezaji hajaleta za kwake. Walimu na wanafunzi wa chuo wanaoweza kusoma ripoti ya Kiingereza na kuieleza kwa Kikuyu na Kiswahili, tunawahitaji pia, maana ripoti hizi huwa na kurasa mia kadhaa na siku ni 30.

Mizani tunazo mbili tayari. Aliye na ya tatu aje nayo Jumamosi baada ya alasiri.